Uzi: Birika la ubatizo la Castle Frome (karne ya 12), namna ya kulisoma na kulitunza

#1 TindoNaNyundo

Wakuu salaam.

Magharibi mwa Uingereza, mkoa wa Herefordshire, kati ya miji ya Ledbury na Bromyard, kuna kanisa dogo la kijiji cha Castle Frome, kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Kwa nje ni kuta nene, madirisha finyu na kijumba cha kengele cha mbao. Ndani limo birika la ubatizo la jiwe la mchanga, kazi ya katikati ya karne ya 12. Wageni wengi hulipiga picha moja kwa mbele wakaondoka. Birika hili lina pande zote, usipolizunguka hujaliona.

Tuanze na sehemu zake ili tuelewane huko mbele: mdomo (ukingo wa juu), bakuli, shina na kitako. Kwenye bakuli kuna Ubatizo wa Kristo. Yesu amesimama ndani ya bwawa lililochongwa kama duru ndani ya duru, ndivyo mchongaji alivyoonyesha mawimbi, na samaki wanaogelea humo humo kwenye duru. Yohana yuko pembeni, na toka juu unashuka mkono wa Mungu pamoja na njiwa. Endelea kuzunguka utakuta alama za Wainjili wanne: malaika wa Mathayo, simba wa Marko, ng'ombe wa Luka, tai wa Yohana. Mdomoni na kwenye shina kuna msuko. Chini kabisa kuna watu waliojikunyata, birika zima limewalalia migongoni. Hao wa chini ndio walioumia zaidi, na sababu ninaamini tutaifikia.

Kazi hii ni ya kundi ambalo wanahistoria huliita Shule ya Herefordshire. Mikono ya kundi hilo imeonekana kwenye makanisa ya Kilpeck, Shobdon, Brinsop, Rowlstone, na kwenye mabirika ya Eardisley, Stottesdon na Chaddesley Corbett. Utawatambua kwa nguo zenye mistari sambamba kama kitambaa kilichobanwa, macho yaliyotuna, na msuko usioacha nafasi wazi.

Karibuni wenye ujuzi wa mawe, chokaa na unyevu.

#2 Mwanaukili

Huo msuko mkuu ni ukili kabisa. Fuata mshipi mmoja kwa kidole (pichani, si kwenye jiwe): unapita juu ya mmoja, chini ya unaofuata, juu tena, bila kukosea, mpaka unarudi ulikoanzia. Kwenye mkeka, ukili ukizidi unakata. Kwenye duara huna pa kukata, lazima mwisho ukutane na mwanzo. Kwa hiyo mchongaji aligawa mzingo kabla ya kugusa tindo. Chukua bakuli la kipenyo cha sentimita 80: mzingo wake ni kama sentimita 251. Ukigawa mara 24, kila fundo linapata sentimita 10 na nusu hivi. Kosa la nusu sentimita kwa kila fundo linakuwa sentimita 12 ukifika mwisho, yaani fundo zima limezidi au limepungua.

Ndiyo maana kwenye mabirika mengi ya aina hii ukitafuta vizuri utaona sehemu moja ambapo mafundo yamebanwa au yamevutwa. Hapo ndipo alipofungia. 

#3 ShamsMatumbawe

Swali la neno kwanza. Wengine tunasema kisima cha ubatizo, wengine beseni. Mleta uzi umesema birika kwa makusudi?

#4 TindoNaNyundo

Kwa makusudi. Kisima kinatoa maji, hiki kinayashika. Birika kwa maana ya zamani ya pwani, lile la kutawadhia msikitini lililojengwa kwa mawe na kusiribwa chokaa, linafanana nalo kwa kila kitu: chombo cha jiwe, kinachokaa mahali pamoja, chenye njia ya kuingizia maji na ya kuyatolea. Beseni nitaliacha kwa chombo kidogo kinachowekwa ndani yake, maana nacho kitakuja kwenye mazungumzo.

#5 ShamsMatumbawe

Nimekuelewa. Basi niongeze la uchongaji, kwa sababu wanaojua matumbawe watalishika upesi.

Jiwe likitoka machimboni lina maji yake ndani. Likiwa bichi hivyo linakatika kirahisi. Likikauka, madini yaliyomo kwenye yale maji husogea mpaka usoni na uso unakuwa mgumu. Mafundi wa pwani walichonga matumbawe yale laini ya baharini yakiwa bado na unyevu kwa sababu hiyo hiyo. Maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107. Hayajapishana na birika la Castle Frome hata kwa karne moja. Mafundi wawili wasiojuana, bahari na bara kati yao, wote wakikimbizana na jiwe kabla halijakauka.

Hatua zenyewe kwa birika la namna hii:

Kwanza tabaka. Jiwe la mchanga limejipanga kwa tabaka kama vitumbua vilivyopangwa. Birika lazima lichongwe tabaka likiwa limelala kama lilivyolala ardhini. Ukilisimamisha, maji yanaingia kati ya tabaka na uso unabanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Ukiona birika la zamani lenye ufa mrefu wa wima bila chuma chochote karibu, angalia tabaka kwanza.

Pili, umbo la nje hupunguzwa kwa shoka la mwashi na tindo ya ncha, kisha ndani hutobolewa.  Kuchimba ndani kukiwa bado na mwili mnene wa nje ni salama zaidi, na mapambo ya nje yasichongwe mpaka ndani pawe pameisha, maana ukuta ukipasuka utakuwa umepoteza kazi ya wiki nyingi badala ya siku chache.

Tatu, mchoro huchorwa juu ya uso uliosawazishwa, na sehemu ya juu kabisa ya kila umbo inabaki kwenye uso ule wa mwanzo. Tazama paji la uso la Yohana, mgongo wa simba na kilele cha msuko: vyote viko kwenye kimo kimoja. Kilichoshuka ni usuli tu, yaani uso ulio nyuma ya maumbo. Ndiyo maana birika linaonekana kama limefumwa, halina vitu vilivyobandikwa.

#6 Mpimaji_Unyevu

Uzi mzuri. Naomba nilete Shobdon hapa kwa sababu inafundisha kuliko kitabu. Kanisa la Shobdon lilijengwa na Oliver de Merlimond, msimamizi wa mali za Hugh de Mortimer, aliyekwenda kuhiji Santiago de Compostela, Hispania. Kazi ilikuwa ya kundi hili hili. Miaka ya 1750 kanisa likabomolewa, matao yake ya kuchongwa yakapandishwa kilimani yasimame kama pambo la bustani. Yamenyeshewa tangu siku hiyo. Leo mengi yamefutika, unaona vivuli vya watu tu. Birika la Castle Frome limekaa chini ya paa muda wote, na mikunjo ya nguo bado unaihesabu.

Tofauti ni paa.

#7 JiweJekundu

Mkuu, paa ni nusu ya jibu. Kilpeck nayo ni kundi lile lile, ya miaka ya 1140 hivi, na mlango wake wa kusini pamoja na vichwa vya wanyama chini ya paa viko nje mpaka leo, na michongo yake bado inaonekana wazi ajabu. Hapo kilichookoa ni jiwe: jiwe jekundu la mchanga lililoshikana vizuri. Chembe za mchanga zikishikwa na silika (madini yale yale ya mchanga), jiwe linavumilia. Zikishikwa na udongo mfinyanzi, kila likilowa udongo unavimba, likikauka unanywea, na chembe zinaachana.

Kwa hiyo kabla ya kumshauri mtu lolote, uliza gundi ya jiwe ni nini. Kipande kidogo kilichokwisha kudondoka chenyewe kinatosha kupelekwa maabara. Usivunje kingine.

#8 Mpimaji_Unyevu

Nakubali, sikulitaja jiwe na nilipaswa. Ila kwa birika lililo ndani ya kanisa, mvua haipo. Adui anatoka chini na anatoka ndani. Nieleze njia ya maji, maana birika ni kazi ya maji kabla ya kuwa kazi ya sanaa.

Karne ya 12 mtoto alizamishwa, kwa hiyo bakuli ni pana. Tuchukue kipimo cha mfano: ndani sentimita 60 upana, 30 kina. Hiyo ni lita 85 hivi. Maji yalibarikiwa mkesha wa Pasaka na mkesha wa Pentekoste, yakakaa humo wiki nyingi. Jiwe la mchanga linafyonza, kwa hiyo ndani palivikwa bati la risasi. Katikati ya sakafu ya bakuli kuna tundu, tundu linashuka ndani ya shina, na maji yanaishia kwenye shimo dogo la kokoto chini ya sakafu ya kanisa. Maji yaliyobarikiwa hayakumwagwa ovyo, yalirudi ardhini.

Shida ni lile shimo. Baada ya miaka mia kadhaa limejaa tope. Unamwaga ndoo moja, maji hayana pa kwenda, yanapanda kwenye shina kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Yakifika usoni yanakauka na kuacha chumvi. Sasa rudi kwenye wale watu waliojikunyata wa Castle Frome: kitako na shina ndipo unyevu wa ardhini unapopita na kukaukia. Ongeza mateke ya viatu, ndoo na fagio, utaelewa kwa nini kwenye mabirika mengi vya chini huumia na vya juu vikapona.

Kujaribu kama tundu linapitisha: USIMWAGE MAJI. Tumia tochi na kamera ndogo ya waya. Na kwa ubatizo wa siku hizi weka beseni ndani ya birika, batiza, kisha beseni likamwagwe nje kwenye udongo.

#9 MzeeWaZamu

Swali la moja kwa moja. Birika la zama hizo, kanisa la kijiji, lina unga mweupe sehemu mbili: ndani ya bakuli juu ya risasi, na nje chini ya shina. Je, ni kitu kimoja? Na je, unafutwa kwa kitambaa?

#10 Mpimaji_Unyevu

Ni vitu viwili tofauti, na usifute chochote kwanza.

Ule wa ndani: uliza kifuniko ni cha mbao gani. Kikiwa cha mwaloni, hasa kipya, mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki. Ukiwa umefungiwa juu ya risasi, mvuke ule unaila risasi na kuigeuza unga mweupe. Huo ni sumu. Usiupeperushe, usitumie brashi kavu wala mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi. Fundi avae glovu na barakoa ya daraja la FFP3 (inayochuja vumbi laini kabisa), aondoe kwa kitambaa chenye unyevu, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kitupwe kama taka hatari. Kisha kifuniko kiinuliwe kwa vipande vidogo vya kuegemea ili hewa ipite pengo la sentimita moja au mbili. Na mtoto asibatizwe kwa maji yaliyogusa risasi hiyo.

Ule wa nje ya shina ni chumvi ya unyevu. Vipo vijiti vya kupimia vinavyobadilika rangi, unapima kloridi, nitrati na salfeti. Nitrati nyingi mara nyingi zinatoka kwenye makaburi ya chini ya sakafu au mkojo wa popo. Salfeti, tazama kama kuna saruji au jasi iliyopakwa karibu.

Kinachotafuna jiwe ni chumvi kuyeyuka na kuganda, kuyeyuka na kuganda. Chumvi ya kawaida inavuta unyevu wa hewa na kuyeyuka ukivuka asilimia 75 hivi, ukishuka chini yake inaganda tena na kusukuma chembe za jiwe. Kanisa linalowashwa moto mkali saa mbili kila Jumapili kisha likaachwa baridi wiki nzima linavuka mpaka huo kila wiki, kwenda na kurudi. Moto mdogo usiokatika, au hata kutowasha kabisa, ni afadhali kwa jiwe.

Weka kirekodi cha joto na unyevu karibu na birika, kisome kila nusu saa, mwaka mzima. Tiba kabla ya vipimo ni kubahatisha.

#11 MzeeWaZamu

Na bandiko la kuvuta chumvi, lile la ujiuji unaobandikwa juu ya jiwe?

#12 ChokaaTu

Nijibu mimi. Bandiko linafaa pale tu chanzo cha maji kimeshafungwa. Vinginevyo unavuta chumvi leo na kesho nyingine imepanda.

1. Kagua rangi. Mabirika mengi yalipakwa chokaa na rangi, na mabaki hujificha kwenye mikunjo, puani, kati ya misuko. Penye rangi bandiko lisiguse.
2. Bandika karatasi nyembamba ya Kijapani iliyoloweshwa kwa maji yaliyokenekwa, yale ambayo wengi tunayaita maji ya betri. Hakikisha ni maji matupu, hayana asidi.
3. Juu yake weka ujiuji mzito wa karatasi safi isiyo na wino wala gundi, unene wa sentimita 1 hadi 2, ushindiliwe ushikane na jiwe. Penye uwazi wa hewa bandiko halivuti kitu.
4. Liache likauke lenyewe. Usiweke feni wala hita.
5. Likikauka libandue, litie kwenye kipimo maalumu cha maji yaliyokenekwa, pima chumvi iliyotoka. Rudia mpaka namba zishuke. Ukiona chembe za jiwe zimeganda kwenye karatasi, simama, uso huo ni dhaifu na unahitaji kuimarishwa kwanza.

Kuimarisha nako msichanganye. Jiwe la chokaa linaweza kupewa chokaa laini sana iliyo ndani ya alkoholi. Jiwe la mchanga kwa kawaida ni etili silikati, kimiminika kinachoacha silika kati ya chembe. Ukitumia kisicho chake unatengeneza ganda gumu juu ya jiwe laini, na ganda litabanduka na pua ya mtakatifu.

Na hii yote ni kazi ya mhifadhi wa mawe aliyesomea. Naiandika ili mzee wa kanisa ajue anachofanyiwa.

#13 JiweJekundu

Nyongeza kuhusu saruji, naona haijatajwa kwa uzito wake. Maungio kati ya bakuli, shina na kitako yakizibwa kwa saruji, unyevu unakosa kupumulia kwenye maungio, unatokea kwenye jiwe lenyewe. Saruji inabaki nzima, sanamu inaisha. Wa Mji Mkongwe wameliona hilo kwenye kuta za mawe na chokaa zilizosiribwa saruji.

Maungio yawe ya chokaa: chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga uchekechwe sana maana kiungo ni cha milimita 3 hadi 5 tu. Usifanye kazi joto likiwa chini ya nyuzi 5. Funika kwa gunia lenye unyevu siku kadhaa, chokaa ikikauka haraka inakuwa unga.

Chuma nacho: vigingi vya zamani vya chuma ndani ya shina vikishika kutu vinavimba mara kadhaa ya ujazo wake na kulipasua jiwe kutoka ndani. Vikitolewa, vibadilishwe na chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316.

#14 Mwanaukili

Kabla watu hawajafikiria kulifungua, hesabu uzito. Bakuli la nje sentimita 80, kimo 50, ndani 60 kwa 30: jiwe linalobaki ni mita za ujazo 0.166 hivi. Kwa jiwe la mchanga la kilo 2,300 kwa mita ya ujazo unapata zaidi ya kilo 380. Hiyo ni bakuli peke yake. Wanaume sita na nia njema hawatoshi, na wakiteleza hakuna cha kurudisha. Ni miguu mitatu na winchi ya mnyororo, mikanda laini ya kunyanyulia ipite chini ya bakuli, kamwe isishike mdomo, na kati ya mkanda na jiwe kuwe na tabaka nene la sufi iliyoshindiliwa. Pima pia sakafu: chini ya vigae vya kanisa la kale panaweza kuwa na kaburi lenye uwazi.

Na kwa kanisa la Kianglikana la Uingereza, birika la kale halisogezwi hata hatua moja bila kibali cha dayosisi, kinachotolewa na Chansela (jaji wa mahakama ya dayosisi) baada ya kamati ya ushauri ya dayosisi kulitazama.

#15 ShamsMatumbawe

Wanaozunguka makanisani, angalieni mdomo wa birika pia. Mwaka 1236 Edmund Rich, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mabirika yafungwe kwa kufuli, kwa sababu maji yaliyobarikiwa yalikuwa yakiibwa ili yatumiwe kwenye uchawi. Mafundi wakatoboa mdomo pande mbili zinazotazamana, wakapachika vyuma na kuvimiminia risasi iliyoyeyushwa ndani ya tundu. Baadaye vyuma viling'olewa, au vilioza na kupasua. Kwa hiyo kwenye mabirika mengi utakuta pengo mbili zinazotazamana, zimezibwa kwa jiwe la rangi nyingine au bado zina kidonge cha risasi. Hilo pengo msilizibe vizuri zaidi ili lipendeze. Ni sehemu ya historia ya birika. Mwaka 1645, mwongozo mpya wa ibada ulipoagiza ubatizo ufanyike mbele ya waumini wala si mahali yalipokuwa mabirika ya zamani, mengi yalitolewa nje, na yakirudishwa mara nyingi yaliwekwa juu ya shina jipya. Linganisha alama za tindo za bakuli na za shina utajua kama ni ndugu.

#16 MzeeWaZamu

Nashukuru sana wadau. La mwisho: picha za kumbukumbu zipigweje, na je, maua ya Pasaka yaendelee kuwekwa juu ya mdomo?

#17 TindoNaNyundo

Picha: zima taa zote, weka taa moja ubavuni, karibu iguse uso wa jiwe, pembe ya nyuzi 10 hadi 15. Mawimbi ya bwawa ambayo kwa taa ya mbele huyaoni yatatokea yote. Kwa umbo la pande zote, zunguka mara tatu, chini, kati na juu, picha 36 kila mzunguko, moja kila nyuzi 10, jumla 108, kwa mwanga uliotawanyika sawasawa. Weka rula pichani. Rudia kila miaka mitano kutoka pembe zile zile, utajua kama jiwe linapungua.

Maua yakae sakafuni, kwenye chombo chake, hatua moja kutoka kwenye kitako. Sponji ya maua inavuja usiku kucha bila mtu kuona, waya wa maua unakwaruza, na poleni ya yungiyungi ikiingia kwenye vitundu vya jiwe haitoki. Mshumaa wa Pasaka nao usogezwe. Nta ikidondoka iache igande, iinue kwa kijiti cha mbao, usipitishe pasi wala maji ya moto. Kama kuna popo, msiwaguse wala kuziba matundu yao, sheria ya Uingereza inawalinda. Tandika kitambaa cha pamba juu ya kifuniko, kifuliwe kila wiki. Nailoni isitumike kabisa, inafungia unyevu.

Vumbi: brashi laini ya nywele za mbuzi, toka juu kwenda chini, mashine ya kuvuta vumbi ishikwe sentimita chache pembeni ikipokea kinachodondoka, mdomo wake umefungwa chandarua ili kipande cha jiwe kikitoka kionekane na kihifadhiwe. Mara moja kwa mwaka inatosha.